Jengo la fremu 8 Dar: kila mpangaji na bango lake, nguzo moja mbele, au mchoro mmoja wa jengo zima?

Mwenye_Kiwanja: Wakuu, jengo limekamilika. Fremu 4 chini, 4 juu, uso wa mita 16 umetazama barabara ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mkoa). Wapangaji wanataka mabango. Njia ipi inapita kirahisi na kudumu?

Mpimaji: Shika futi kabla ya kumwita fundi. Hifadhi (eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara) ya barabara kuu na za mkoa kwa kawaida ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara (kabla ya Sheria ya Barabara ya 2007 ilikuwa 22.5, ndiyo maana mawe ya zamani yanadanganya watu). Nguzo ikiingia humo, kibali cha halmashauri peke yake hakikulindi. Barabara ingekuwa ya mtaa, ungeongea na TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini). Na pima hadi ncha ya bango. Wengi wanasimamisha nguzo ndani ya kiwanja, halafu bawa la bango linaning'inia kwenye hifadhi.

Zege_na_Nondo: Nguzo ni kazi ya mhandisi, si ya mchomeleaji. Bango la mita 3 kwa 2 ni mita za mraba 6. Upepo wa mita 30 kwa sekunde unalisukuma kwa paskali 540 hivi, jumla nyutoni 3,240 kabla hujazidisha kwa kigezo cha umbo lake. Kitovu kikiwa mita 5 juu, msingi unapokea nguvu ya kupindua ya zaidi ya kilonyutoni-mita 16. Kishimo cha nusu mita kwenye mchanga wa Dar hakibebi hiyo. Bila mahesabu yaliyosainiwa, ombi lako likirudishwa usishangae.

Kijiwe_Kariakoo: Mnamtisha bure. Aache kila mpangaji ajihangaikie, mpangaji wa miezi sita hana haja ya mchoro.

Mpimaji: Mkuu, akihama anaacha matundu kwenye plasta na waya unaning'inia, na anayekuja anatoboa upya. Isitoshe maombi 8 ni safari 8, kila moja na barua ya mwenye jengo. Mimi ningechukua mchoro mmoja. Mita 16 gawa kwa 4, kila fremu ina mita 4. Acha sentimita 30 kila upande, bango linabaki upana wa 3.4, ukilipa kimo cha 0.8, yaani mita za mraba 2.72. Mabango 8 ni 21.76. Ombi libebe ramani ya kiwanja yenye umbali hadi barabarani, mchoro wa uso wa jengo wenye vipimo, mkato (mchoro wa ukuta ukionekana kwa ubavu) unaoonyesha bango limefungwaje, na picha ya jengo mabango yakiwa yamechorwa juu yake. Vipimo hivyo viingie kwenye mkataba wa pango. Mpangaji mpya anabadilisha kibao cha mbele tu, na halmashauri inapewa taarifa.

Zege_na_Nondo: Naunga mkono, ila msifunge kwa plagi za plastiki kwenye tofali lenye uwazi, zinachomoka. Tumia bolti inayopenya ukuta, na bamba la chuma upande wa pili. Alukobondi (bamba la alumini la kutengenezea mabango) ikigusa chuma tupu kwenye hewa ya chumvi, kutu inaanzia hapo. Weka raba katikati.

Umeme_wa_Taa: Taa msizisahau. Moduli 120 za LED za wati 1.5 ni wati 180. Chukua pawa saplai (kifaa cha kushusha umeme) ya wati 250 isijazwe kabisa. Kwa volti 12, wati 180 hizo ni ampia 15. Ukiiweka stoo, mita 10 kutoka kwenye bango, waya wa milimita za mraba 2.5 utapoteza zaidi ya volti 2, na herufi za mwisho zitafifia. Iweke nyuma ya bango, kwenye boksi lisiloingiza maji, na waya wa ati (wa ardhini) ufungwe kwenye fremu ya chuma ya bango.

Mwenye_Kiwanja: Na nguzo ndogo ya majina yote getini?

Mpimaji: Ikiwa nje ya hifadhi, ichoreni kwenye ombi hilohilo. Uliza kwanza kama bango lenye sura mbili, mbele na nyuma, linatozwa mara mbili, na isizibe macho ya dereva anayetoka getini.