Nafasi ya yadi ya makontena igawanywe kwa kigezo gani?

Mpanga Yadi:
Habari zenu, ndugu. Katika kituo chetu kila meli hupewa sehemu yake ya yadi, na makontena yake yote huwekwa humo, yawe ya wateja wa mjini, ya nchi jirani au ya kupakiwa kwenye treni. Ushushaji unakwenda kasi, lakini lori linapofuata kontena lililo chini, kreni hulazimika kupangua kwanza yaliyo juu yake, na foleni hufika nje ya geti. Je, tuendelee hivi?

Baharia Mstaafu:
Ndugu, utaratibu huo unamfaa mwenye meli peke yake. Gaweni kwa kufuata namna kontena litakavyoondoka. Yale ya treni, mfano yatokayo Mombasa kwenda bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, pangeni juu kadiri kreni inavyofika, kwa kuwa huondoka kwa mkupuo. Ya malori ndiyo yanayotaka marundo mafupi, maana hamjui mteja yupi atamaliza mambo ya forodha kwanza. Katika rundo la makontena manne, ukitakiwa kutoa lolote bila mpangilio, utapangua kwa wastani moja na nusu; katika rundo la mawili, nusu tu.

Karani wa Geti:
Hesabu ni sahihi, ila marundo mafupi yanakula ardhi, na sidhani kama muulizaji anayo ya ziada. Mimi ningeanza na miadi: lori likijiandikisha tangu jana yake, kreni zitapangua usiku, wakati kazi ni chache, na kontena litakuwa juu kunapokucha. Kwa shehena ya kusafirishwa nje, pangeni kwa uzito. Mazito hukaa chini melini, hivyo hupakiwa mwanzo na yadini yanapaswa kuwa juu. Tangu Julai 2016 kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zinadai uzito uliothibitishwa kabla ya kupakia, kwa hiyo hakuna haja ya kukisia.

Mpanga Yadi:
Uzito tunaletewa, lakini mara nyingi kontena likiwa limeshapangwa. Na mwenye miadi asipotokea?

Karani wa Geti:
Basi uzito udaiwe getini, kontena lisiingie bila huo. Asiyetokea atozwe gharama ya kupangua upya. Bila hivyo watu watajiandikisha ovyo, na kazi ya usiku itakuwa bure.

Baharia Mstaafu:
Hapo nakubali, mradi anayecheleweshwa na forodha asitozwe.