Napenda Motown, nataka jazi mpya, nianzie wapi?

santuri_tu:
Wakuu habarini. Mi Motown, ile lebo ya muziki wa soul ya Marekani, ndo nyumbani, Supremes, Temptations, Marvin Gaye, nikirudi kazini naweka hizo natulia. Sasa nimeanza kuonja jazi ila kila nikiuliza naambiwa Miles Davis na Coltrane, nawakubali sana ila nataka za sasa hivi, za watu waliopo bado wanapiga. Nianze na nani?

besi_nzito:
Mkuu jazi unaisikiliza siku zote. Funk Brothers, wale waliopiga ala studio ya Motown pale Detroit, wengi walikuwa watu wa jazi kabisa, mchana studio usiku vilabuni. Chukua wimbo wa Marvin Gaye, What's Going On, wa 1971, vaa hedifoni, achana na sauti ya Marvin kwanza fuata besi tu ya James Jamerson, jamaa alikuwa anapiga kwa kidole cha shahada peke yake na bado besi inatembea haikai sehemu moja, yaani mpaka leo nikiisikia nasisimka. Ukitoka hapo nenda albamu ya The Epic ya mpiga saksofoni Kamasi Washington, 2015. Ni ndefu, karibu saa tatu, ila ina kwaya na fidla, hutapotea.

dada_saksi:
Naongezea London. Nubya Garcia, mpiga saksofoni, albamu ya Source, 2020. Na bendi ya Ezra Collective, hawa ndo wanajazi wa kwanza kubeba Mercury Prize, tuzo ya albamu bora ya mwaka kule Uingereza, 2023, ukiweka unacheza kabisa.

mzee_kinanda:
Sauzi jamani mbona mnairuka! Nduduzo Makhathini, piano, yupo Blue Note, lebo kubwa ya jazi. Msikilize usiku, taratibu.