Strakti ya C: nibane kwa pragma pack au nipange upya sehemu zake?

Kisima32: Wakuu, habari za jioni. Nina strakti (kundi la data linalokaa pamoja kwenye kumbukumbu) ya vipimo vya visima: uint8_t id, uint32_t muda, uint16_t kina, uint8_t betri, yaani baiti 1, 4, 2 na 1. Nikijumlisha napata baiti 8, lakini sizeof, ukubwa wake kwenye kumbukumbu, inanipa 12. Naituma kwa redio kila dakika 15. Keshokutwa naanza kuchoma programu kwenye vifaa 40, na vikishafungwa visimani ni kazi kuvifuata. Niweke #pragma pack(1), kompaila isiache nafasi tupu kati ya sehemu, au nipange upya?

BintiUsambara: Chipu gani? Na anayepokea upande wa pili ni nani? Bila hayo tutabahatisha tu.

fundi_redio: pack(1) mkuu. Mstari mmoja, umemaliza.

mzee_kompaila: Panga upya, kubwa itangulie: muda, kina, id, betri. Unapata 8 kamili bila kubana kitu. Ulivyoandika, kompaila inaacha baiti 3 tupu baada ya id ili muda uanzie anwani inayogawanyika kwa 4, na 1 mwishoni ili strakti inayofuata kwenye safu nayo ikae sawa. C hairuhusu kompaila kubadili mfuatano uliouandika.

BintiUsambara: fundi_redio, hiyo pack ilinitesa. Tulianza na chipu ya AVR ya biti 8, ambako hakuna mapengo kabisa. Tukahamia chipu ya Cortex-M0, strakti ikavimba, nikaweka pack(1), ikarudi ilivyokuwa. Kumbe kuna mahali nilipitisha &p->muda kwa funksheni inayopokea uint32_t *, yaani anwani tu ya namba hiyo. Humo ndani kompaila haijui tena kuwa strakti imebanwa, inasoma baiti 4 kwa mkupuo kutoka anwani isiyogawanyika kwa 4. M0 haikubali: HardFault, programu inakwama hapohapo. Na funksheni ile iliitwa wakati wa kurekebisha saa tu, mara moja kwa siku! Siku nne nahangaika na betri. GCC inalo onyo la jambo hilihili, -Waddress-of-packed-member, ila mradi wetu ulikuwa umezima maonyo.

fundi_redio: Pole, lakini hilo ni kosa la pointa, hiyo anwani uliyopitisha. Ukisoma p->muda moja kwa moja, kompaila inajua ichukue baiti mojamoja. Na Cortex-M4 haina shida hiyo.

BintiUsambara: M4 nayo si kwa amri zote. LDRD na LDM, zinazosoma zaidi ya baiti 4 kwa mkupuo, zinagoma.

Kisima32: Samahani wakuu, chipu ni STM32L0. Upande wa pili ni seva ya Linux, x86-64. Mwenzangu anafanya memcpy, yaani ananakili baiti zilivyo, kwenye strakti hiyohiyo.

mzee_kompaila: L0 ni M0+, nayo inagoma vilevile. Mimi nisingetuma strakti kabisa. Jaza bafa (safu ya baiti za kutuma) mwenyewe, baiti mojamoja: b[0] = muda & 0xFF, b[1] = (muda >> 8) & 0xFF, endelea hivyo. Ukishikilia strakti, basi weka _Static_assert ya sizeof pande zote mbili, ili kompaila igome ukubwa ukibadilika.

fundi_redio: Pande zote mbili, kwenye kila namba baiti ndogo (yenye thamani ndogo) inatangulia. Ajisumbue kwa nini?

mzee_kompaila: Mwenzake akihamia Java kesho, ByteBuffer huanza na baiti kubwa.

nyavu_tupu: Huo muda ni sekunde tangu 1970? uint32_t inafika 2106, ila seva ikiusoma kama int32_t mwisho ni Januari 2038.

Kisima32: Ngoja nimuulize. Halafu kwenye mpangilio mpya nikiongeza joto, uint16_t, baada ya kina, itakuwa 10?

BintiUsambara: 12. Mbili tupu mwishoni. Keshokutwa unachoma ipi sasa?