Tairi za 33x12.50R15 zitakaa kwenye rimu zangu? Naomba ushauri wa haraka

Kulwa wa Buswelu:
Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux dabo kebini ya zamani, rimu namba 15, inatembelea 31x10.50. Nimepata tairi za 33x12.50R15, mtumba ila meno bado marefu, kidole kinazama. Fundi wangu hapa Nyakato, Mwanza, anasema zinaingia bila shida. Kazi yangu ni kufuata dagaa, na mvua ikinyesha barabara za ng'ambo mnazijua wenyewe. Juzi nimekaa foleni ya kivuko pale Kigongo, natazama gari za wenzangu zilivyonyanyuka, roho ikaniuma. Mwenye tairi anataka jibu kesho asubuhi. Nichukue au niache?

Sato Mbichi:
Nimekaa siti ya mbele. Mafundi karibuni.

Dereva Mstaafu:
Kijana, tairi pana kwenye mbuga ni kujitafutia kazi. Pana ni ya mchanga, inaelea. Udongo ule mweusi unataka tairi nyembamba ichimbe mpaka ikute chini pagumu. Land Cruiser mkonga zinatembea na 7.50R16, rimu ya inchi 5.5 au 6, na zinafika. Miaka ile tunabeba pamba toka Ngudu, mvua ya Machi, tulimkuta jamaa ana tairi pana amezama mpaka ekseli. Tukamvuta kwa kamba ya katani, ikakatika, tukaunga, ikakatika tena. Usiku tukalala kwa mwenyekiti wa kijiji, akatuchinjia kuku. Watu wa zamani walikuwa na utu.

Fundi Kimya:
Umeuliza nusu ya swali, mkuu. Hiyo 33 ni kimo cha tairi kwa inchi, 12.50 ni upana wake, na 15 ni kipenyo cha rimu. Upana wa rimu je? Tairi ya 12.50 inataka rimu ya inchi 8.5 mpaka 11, na watengenezaji huipima ikiwa kwenye rimu ya 10. Ya 10.50 uliyonayo inakubali 7 mpaka 9. Lete upana ndipo tuzungumze.

Mama Mwaloni:
Mimi nanunua dagaa hapo Kirumba mwaloni. Sijawahi kuuliza gari lililowaleta lina urefu gani, nauliza kama wamefika wakavu. Nunua turubai zuri, mwanangu. Na ada za Januari umeshaweka pembeni?

Kulwa wa Buswelu:
Asante mama, ada ipo. Fundi Kimya, nimepima kwa tepu, inchi 8 kamili. Inapungua nusu inchi tu, sidhani kama ni ya kugombania. Na huyu fundi wangu ameanza kazi hii mimi nikiwa shule ya msingi.

Fundi Kimya:
Tepu uliishika wapi? Kama umepima ukingo wa nje kwa ukingo wa nje, toa karibu inchi moja. Upana wa rimu unahesabiwa ndani, pale mdomo wa tairi unapokaa. Achana na tepu, soma namba iliyogongwa kwenye rimu yenyewe.

Kulwa wa Buswelu:
Gari haiko nyumbani, iko kwa fundi.

Sato Mbichi:
Kwa fundi inafanya nini usiku huu?

Kulwa wa Buswelu:
Basi niseme yote. Nilishatoa laki tatu ya kishika uchumba, na mbili za nyuma zimeshavalishwa tangu mchana. Zimekaa vizuri tu, upepo umeshika. Nimempigia fundi, rimu imeandikwa 15x7JJ, yaani upana ni inchi 7. Lakini kuna jamaa Igoma ana rimu hizo hizo na 33, anakwenda mpaka Geita na kurudi. Sasa mnaposema haiwezekani, yeye anatembeaje?

Mama Mwaloni:
Kumbe ndoa imeshafungwa, sisi tunaulizwa mahari.

Fundi Kimya:
Hakuna aliyesema haivaliki. Kuvalika inavalika, hata kwenye 7 ukiilazimisha kwa upepo mwingi itapiga pa! na kukaa. Shida inaanza ukitoka pale. Midomo imebanwa, mbavu zimetuna nje kama tumbo lililofungwa mkanda mdogo, na uso wa tairi umefanya mgongo katikati. Jaribu hivi: chora mstari wa chaki kukatisha meno yote, sogeza gari kidogo kwenye lami, kisha shuka utazame. Chaki ikifutika katikati na kubaki pembeni, unalipia inchi 12.50 na unatumia katikati tu. Katikati itakuwa kipara upesi, na kwenye kona gari itayumba kwa nyuma. Ukishusha upepo upite mchanga, hapo ndipo mdomo unabanduka kwenye rimu, na ikitokea uko kwenye mwendo ni habari nyingine.

Tena kwa mtu wa mzigo, angalia namba ya uzito ubavuni. Hizo 33x12.50R15 nyingi nilizoshika zimeandikwa 108, maana yake kilo 1000 kwa tairi. 31x10.50R15 nyingi zina 109, kilo 1030. Umekwenda kununua ukubwa ukarudi na uwezo mdogo zaidi. Na kunyanyuka unakokutaka ni inchi moja tu, maana ile nyingine imeongezeka juu ya ekseli.

Ukitaka 33 kwa haki, rimu iwe inchi 10, na hizo nazo zinatoka nje ya fenda, zinakula bearingi na kukurushia tope mpaka kwenye vioo. Mimi ningebaki na 31.

Sato Mbichi:
Na tochi ya kupima mwendo je? Tairi ikikua hivyo, mshale ukisoma 50 wewe uko 53. Utamweleza trafiki kwamba ni mambo ya kipenyo?

Mpelelezi Nyegezi:
Nilikuwa nasoma kimya, sasa imetosha. Wakuu, hii ni chai, tena ya maziwa. Foleni ya kivuko Kigongo juzi ipi? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, unavuka kabla wimbo mmoja haujaisha redioni. Mtu anayefuata dagaa ng'ambo halijui hilo? Halafu ghafla anatokea fundi ana kila namba kichwani. Subirini, kesho kuna mtu atatangaza rimu za inchi 10 inboksi.

Dereva Mstaafu:
Hata mimi hiyo foleni ilinishtua.

Fundi Kimya:
Nimetoka kusema rimu za inchi 10 zinakula bearingi. Muuzaji gani anatangaza hivyo?

Kulwa wa Buswelu:
Jamani, ni Kisorya. Navuka kwenda Rugezi, dagaa nafuata Ukerewe. Kidole kiliteleza.

Mpelelezi Nyegezi:
Kidole kimeteleza toka Kigongo mpaka Kisorya? Hicho ni kidole au mtumbwi wa injini?

Binti Nansio:
Mimi ni wa huku huku kisiwani, foleni ya Kisorya ninaijua, muacheni kaka wa watu. Ila kaka, ukifika Nansio na hizo tairi, watoto watakupigia makofi na bei ya dagaa itapanda hapo hapo. Watasema tajiri kaja.

Sato Mbichi:
Aweke picha ya rimu, na chupa ya soda pembeni tujue ni ya leo.

Kulwa wa Buswelu:
Picha hiyo, nimerudi kwa fundi kwa bodaboda kwa ajili yenu. Nimefuta tope kwa kitambaa, karibu na tundu la nati inasomeka 15x7JJ. Soda ni ya fundi, kaniomba nimlipie. Haya, chai imeisha?

Mpelelezi Nyegezi:
Picha imekubali. Kigongo bado sijakuelewa.

Kulwa wa Buswelu:
Sawa. Sasa Fundi Kimya, nimekuelewa, mbele sivalishi. Lakini laki tatu hairudi. Nikiacha nyuma 33 na mbele 31 kwa msimu huu tu?

Fundi Kimya:
Nyuma bado ni 12.50 kwenye 7, hilo halijaondoka. Halafu ekseli mbili zenye tairi za vipenyo tofauti, ukiingiza fo wili zinavutana, na kinachoumia ni transfa, ile gia inayogawa nguvu mbele na nyuma. Usijaribu.

Kulwa wa Buswelu:
Kwa hiyo nisipoingiza fo wili haina shida?

Dereva Mstaafu:
Sasa hayo matope uliyotuambia unayapitaje?