Viatu havijavaliwa, soli imemeguka: nimrudishie mteja fedha zake?

Muuzaji, Mtwara Mjini
Ndugu zangu, huu ni mwaka wa nne nauza viatu katika duka la tajiri mmoja hapa mjini. Viatu vinavyorudishwa kwa kawaida havinisumbui: mguu mmoja ni namba 41 na mwingine 42 (hilo ni kosa letu wakati wa kupanga), au vimevaliwa harusini Jumamosi na kurudishwa Jumatatu vikiwa na mchanga wa Mikindani kwenye mishono. Juzi, hata hivyo, alikuja mzee kutoka Newala na boksi letu pamoja na risiti ya msimu wa korosho wa mwaka 2021. Alivinunua alipolipwa, akaviweka juu ya kabati hadi binti yake alipoolewa, na siku hiyo hakufika hata mlangoni pa msikiti kabla soli haijamomonyoka kama mkate mkavu. Ngozi ya juu inang'aa na karatasi ya bei ingali imebandikwa ndani. Hakugomba, aliliweka boksi juu ya meza akasema, "Mjukuu wangu, hebu nieleze wewe." Tajiri anasisitiza kwamba risiti imeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi". Nifanyeje?

Fundi viatu, Lindi
Mzee hakudanganyi. Soli hiyo nyepesi iliyo kama sponji ni ya poliyurethani, na unyevu wa hewa huivunja polepole kutoka ndani hata kama kiatu hakijakanyaga ardhi; joto la pwani yetu huharakisha. Ibonyeze kwa ukucha pembeni: ikinata au ikitoa unga, imekwisha. Gundi haitashika kitu kinachomeguka, kwa hiyo fundi aing'oe yote, aweke soli ya mpira na kuishona pembeni.

Mwenye duka, Masasi
Mwambie tajiri wako asiyategemee sana maandishi ya risiti. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaofaa, na kasoro hii mzee asingeweza kuiona hata angekikagua kiatu dukani. Ni kweli kwamba miaka kadhaa imepita, na kwa sababu hiyo mimi nisingerudisha fedha zote. Ningemlipia fundi, maana ngozi ni nzima. Wale wa harusini ni habari nyingine, na kwangu hawapati kitu. Jambo moja zaidi: jozi hizo zilikaa stoo kwenu muda gani kabla hajazinunua?

Muuzaji, Mtwara Mjini
Swali hilo ndilo lililonipeleka stoo. Zilikuwa zimebaki jozi sita za mzigo uleule, na nne kati yake zilibaki na alama ya ukucha wangu. Nilimletea tajiri moja, akabonyeza mwenyewe, akanyamaza, kisha akaniagiza niziondoe zote rafuni. Gharama ya fundi atailipa yeye; mzee nimempigia simu, atakuja Ijumaa.