Mrejesho: MacDonald wa Cape Breton, tumefika Uist Kusini, kisiwa cha magharibi mwa Scotland (kwa sehemu)

Wakuu, shukrani. Niliuliza namna ya kumuunganisha mhamiaji MacDonald wa Cape Breton, Kanada, na ndugu zake waliobaki Scotland.

Uliofanya kazi ni ushauri wa kumfuata mama yake mhamiaji, aliyebaki Scotland. Hati za vifo za 1855, mwaka wa kwanza wa usajili wa serikali, zinataja wazazi wa marehemu na watoto wake wote kwa umri; kuanzia 1856 orodha ya watoto iliondolewa. Kwenye ScotlandsPeople, tovuti ya kumbukumbu za serikali ya Scotland, andikeni M*DONALD (nyota husimama badala ya herufi zozote), maana makarani waliandika Mac, Mc na M' walivyopenda. Kutafuta ni bure, picha ya hati inalipiwa. Kwenye hati ya mama, mhamiaji yumo, mtoto wa tatu.

Kilichokwama: kabla ya hapo rejista za parokia zina mapengo, na akina Donald mac John (Donald mwana wa John) wamejaa kila kijiji. DNA ya upande wa baba nayo haikulingana na ukoo wa machifu. Si ajabu, wapangaji wengi walichukua jina la chifu.

Chama cha ukoo kimepokea familia kwa jina tu. Beji ya ukoo, yenye alama ya chifu ndani ya mkanda na bizimu, ruksa. Nembo kamili ni ya chifu binafsi, msiinunue.