Tupeane uzoefu: tofauti ya seli yenye kiini na isiyo na kiini ilikukuta wapi?

Mwalimu wa Igombe: Juzi nimeona utando wa kijani umetanda tena mwaloni, hapa Ziwa Victoria, nikakumbuka ubishi wa maabara. Wengi huuita mwani, ilhali mara nyingi ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kama Microcystis, ambao DNA yao inaelea ndani ya seli bila kufungiwa kwenye kiini, kile kifuko cha kuhifadhia DNA. Wenzangu, ninyi ilikuwaje?

Mama wa Nyegezi: Mimi ilinikuta nyumbani. Mdogo wangu, mchezaji mkubwa wa ziwani, alianza kupata choo chenye damu, na baba akaleta vidonge vya antibiotiki kutoka duka la dawa. Alivimaliza vyote, damu ikazidi, hadi asubuhi moja akashindwa kusimama mlangoni. Zahanati, tabibu aliniita nichungulie kwenye hadubini: yai la manjano lenye mwiba ubavuni, la mnyoo wa kichocho. Alinieleza kwamba dawa ile hushambulia ribosomu, vile viwanda vya protini vya seli, zile ndogo za bakteria za ukubwa wa 70S, ilhali mnyoo huyo ana seli zenye kiini kama zetu, na ribosomu zake ni kubwa zaidi, za 80S. Mgonjwa akasimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu ili kukadiria kipimo cha dawa, akapewa prazikwanteli, dawa ya kichocho.

Mvuvi wa Ukerewe: Kwetu visiwani hiyo ni habari ya kila nyumba.

Kijana wa Kirumba: Samahani mama, tabibu wako alirahisisha mno. Doksisaiklini ni antibiotiki, na hukinga malaria, ambayo kimelea chake kina kiini kamili.

Mwalimu wa Igombe: Kijana, usimkosoe mtu aliyeuguza. Kimelea hicho kina apikoplasti, sehemu ndogo ndani ya seli yake iliyo mabaki ya mwani uliomezwa zamani, na ribosomu za apikoplasti hiyo ni za aina ya kibakteria, ndizo zinazodhurika.

Kijana wa Kirumba: Basi mwalimu, umeniunga mkono.

Mama wa Nyegezi: Bisheni tu, mdogo wangu alipona.

Mkazi wa Mabatini: Ushauri wangu ni kuchemsha maji, yaishe.

Mwalimu wa Igombe: Kuchemsha humuua bakteria wa kipindupindu, lakini sumu ya Microcystis hustahimili moto. Penye utando usichote kabisa.

Mkazi wa Mabatini: Basi nahamia Shinyanga.

Mvuvi wa Ukerewe: Shinyanga nako wanakunywa ziwa hili hili, ndugu yangu, bomba linaanzia Ihelele, kando ya ziwa.